Liwa Nyepesi kwa Uso wa Shangazi

Sogeza mkeka wako karibu, wewe unayenisikiliza. Ninalotaka kukueleza ni jambo la vidole, na la vidole halielezwi kwa haraka. Kumpamba msichana watu wengi wanajua. Uso wa msichana ni kama kitambaa kipya kilichotoka dukani, hata ukikosea kinakusamehe. Kazi ni kumpamba mama yake, na kazi zaidi ni kumpamba bibi yake. Mimi nilijifunza kazi hiyo katika wiki moja ya harusi, nyumbani kwetu mtaa wa Malindi, karibu na Ngome Kongwe, wakati nyumba nzima inangoja kujua kama shangazi yangu atafungua mlango wa chumba chake au hafungui.

Shangazi huyu, dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea, na mwenyewe alikuwa mpambaji wa maharusi. Aliitwa katika nyumba za ghorofa za Shangani, na aliitwa Ng'ambo kwenye nyumba za makuti, na kote alikwenda na jiwe lake lile lile la kusugulia liwa. Kama hujapata kuiona liwa ikitengenezwa, ni hivi: unachukua kipande cha mti wenyewe, mti wa harufu, unakidondoshea maji na kukisugua juu ya jiwe, polepole, mpaka litoke rojo la rangi ya samli. Hilo ndilo hupakwa usoni. Jiwe la shangazi lilikuwa limebonyea katikati kama kiganja. Nilipokuwa mdogo nilidhani mawe yote ya liwa huzaliwa hivyo.

Akafiwa na mumewe. Akakaa eda kama inavyokaliwa: nguo nyeupe, hana wanja, hana hina, hana harufu. Sikushangaa kumwona uso mtupu. Nilishangaa kuona kwamba eda ilipokwisha alibaki vile vile. Kioo chake alikigeuza kikatazama ukuta. Nilipomuuliza alisema, "Mwenye kuutazama uso huu kaondoka, mwanangu. Naupambia nani?"

Palikuwa na sababu nyingine pia, nayo ni desturi. Katika ukoo wa mumewe, mjane akitoka eda, mkono wa kwanza kumrembesha huwa wa wifi yake, dada wa marehemu. Maana yake ni kusema mbele ya watu: sisi wenyewe wenye maiti yetu tumeridhika, rudi katika wenzako. Mjane akijipamba kabla ya hapo, wenye midomo husema alikuwa na haraka. Na wifi huyo, ambaye kwao ni Kizimkazi, alikuwa anaumwa mguu, hawezi kupanda punda kuja mjini. Basi shangazi alingoja, na kila siku aliyongoja aliuzoea zaidi uso mtupu na chumba kilichofungwa.

Wifi akapona, akaja wiki ile ile ya harusi ya mjukuu wa shangazi. Mjukuu huyo aliondokewa na mama yake angali ananyonya, na bibi yake ndiye aliyemlea, kama alivyonilea mimi. Kwa hivyo siku ya harusi, kabla bi harusi hajatolewa mbele ya wanawake, bibi ndiye wa kumwekea kiganja kichwani na kumpa radhi. Ukijua nguvu ya radhi kwetu, huhitaji kuelezwa. Aliyekulea asipokuwapo kukuwekea mkono, watu hawatasema kwamba anaumwa. Watasema amekunyima. Na wewe mwenyewe utaingia nyumba ya mume ukijihisi kama mtu aliyetoka bila nguo.

Siku ya singo, wanawake walipokutana kumsugua bi harusi, wifi aliamua kuutimiza wajibu wake hapo hapo, mbele ya wote. Sikuweza kumzuia na nisingethubutu. Alisaga liwa mwenyewe tangu asubuhi, mpaka kiganja kikafanya lengelenge. Akachanganya na dalia, ule unga wa manjano wa harufu ambao maharusi hupakwa. Kwao, heshima ya mtu hupimwa kwa unene wa liwa yake. Ukimpaka mtu liwa nyembamba umemwambia kwamba hana thamani. Naye alimpenda wifi yake, basi akaipaka nzito, kama mtu anayekandika ukuta, kutoka kwenye nywele mpaka kidevuni. Kisha akamtia wanja juu na chini ya jicho, akaurudia, akaurudia tena.

Kwa dakika chache shangazi alipendeza kama sanamu ya udongo. Lakini chumba kilikuwa na joto, wanawake tumebanana, na liwa ikaanza kukauka. Shangazi alikaa wima bila kutikisika, kama aliyejitwika mtungi uliojaa. Bi harusi akamtazama bibi yake, akamchekea. Na bibi, angefanyaje? Akacheka naye.

Liwa ikapasuka. Ilipasuka pembeni mwa macho, ikapasuka kutoka puani kushuka mdomoni, na vipande vikamdondokea kwenye kanga. Wanja wa chini ulikwisha kuteremka na jasho ukaingia katika mikunjo. Palikuwa na mama mmoja jirani yetu, mwenye tambuu mdomoni saa zote, ambaye ulimi wake siku zote ulitangulia moyo wake. Akasema kwa sauti:

"Alaa! Leo ukuta wa Ngome Kongwe nao umekuja harusini!"

Watu wakaangua kicheko. Sidhani kama yupo aliyetaka kuumiza. Shangazi aliangalia vile vipande kwenye mapaja yake. Alivikusanya kimoja kimoja, akavifunga katika pindo la kanga kama mtu anayeokota shanga zilizokatika, akainuka, akapanda ngazi. Tukasikia komeo.

Jioni alizungumza nasi kutoka ndani. Alisema tusimsumbue, hana hasira na mtu, ila siku ya harusi hatoki. "Nshaonekana," alisema. "Basi."

Bi harusi alipopelekewa habari hakulia. Alisema tu, "Bila ya bibi, na mimi sitoki." Na tukamjua kuwa ni mtoto wa shangazi kweli, maana akisema neno halirudii mara ya pili.

Asubuhi yake nilimkuta wifi amekaa kwenye ngazi, mlangoni kwa shangazi, na lile jiwe la liwa mapajani, na pembeni kibakuli cha liwa iliyobaki jana. Macho yamemvimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinikalie karibu, mimi mtu wa mkosi."

"Mkosi gani?"

"Kaka yangu amekufa kaniachia amana moja tu, mke wake. Nami nimemfanya kichekesho."

Nilikaa hivyo hivyo. Kwa kweli sikuwa na hila yoyote; nilitaka kumtoa katika kilio tu. Nikamwambia, "Mama, nyinyi ni marika. Hebu nijaribu kwako. Tuone liwa inataka nini juu ya ngozi ya umri wenu."

"Kwangu? Uso huu wa jua la konde? Utapoteza liwa yako bure."

"Liwa yenyewe umesaga wewe."

Akacheka kidogo puani, akanipa uso. Nilianza kama nilivyofundishwa kupamba wasichana: nikachota rojo kwa vidole vitatu, nikalikokota shavuni kwenda juu. Ngozi ikaufuata mkono wangu ikajikunja kama shuka kitandani. Nikalainisha, ikajikunja upande wa pili.

"Unanichuna!" akapiga kelele wifi.

"Tulia, mama, inakaa."

"Haikai! Nnaihisi inakwenda sikioni!"

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango, ile sauti ya kazi ya shangazi ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. "Unampaka kwa vidole gani?"

Nikajibu, "Vitatu, shangazi."

"Vitatu! Unakanda mkate? Chukua kidole cha pete, hicho hakina nguvu. Na usikokote. Bonyeza."

Nikabonyeza. Wifi akasema, "Bado mzito mkono wake, wifi. Mwanao huyu ana mkono wa mpagazi."

Komeo likafunguliwa. Shangazi alitoka na kanga yake ya kulalia, nywele hazijachanwa, akanisukuma kwa goti kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mwanafunzi wake, akakaa mbele ya wifi yake. Alimshika kidevu akamgeuzia dirisha la ngazini, akamtazama kwa muda mrefu.

"Nimepamba wanawali umri wangu wote," alisema. "Ngozi hii siijui. Tuijue basi."

Na sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza mimi, na yeye pia alikuwa anajifunza.

Kwanza aliniambia nimfute wifi uso wote kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kisha akatia tone la mafuta ya nazi kiganjani, akasugua viganja mpaka vikapata moto, akaviweka tu juu ya uso, bila kusugua, akangoja. Uso wa msichana una mafuta yake mwenyewe, alisema. Huu umeyatumia yake, ni lazima uurudishie kwanza. Ukipaka liwa juu ya ngozi kavu, ngozi huyanywa maji ya liwa, na liwa isiyo na maji hugeuka udongo. Tulingoja mpaka mafuta yakaingia. Yaliyobaki juu akayafuta kwa pindo la kanga kuukuu, laini.

Kisha akaitazama ile liwa. "Hii ni uji," alisema. Akamimina marashi ya waridi ndani, tone kwa tone, akikoroga, mpaka ikawa nyepesi kama maji ya mchele uliooshwa. Wifi alipoona akashtuka.

"Hiyo si kitu tena! Watu watasema tumemnyima!"

"Watu walisema jana, wifi, na ilikuwa nzito."

Wifi akainamisha kichwa. Nilidhani atalia tena. Badala yake alikitazama kile kibakuli, mabega yakaanza kumtikisika, na nikaona kwamba anacheka.

"Nini?" akauliza shangazi.

"Uji," alisema wifi. "Umesema uji. Hujui wewe? Kaka hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Fungate yenu! Alipokuwa amekaa kwenu, kwa wakwe. Aliamka alfajiri, njaa inamuuma, anaona haya kuomba. Akakuta bakuli mlangoni, limefunikwa kawa. Akalinywa lote! Kumbe liwa yako!"

Shangazi akaacha kukoroga.

"Sasa mama yako akatokea," wifi aliendelea, machozi yanamtoka, "akamkuta na bakuli mkononi. Kaka, kwa heshima ya mkwe, akasema, 'Ahsante sana, mama. Uji mzuri. Umetiwa iliki?'"

Nilimtazama shangazi. Alianza kwa kuuma mdomo. Kisha kikamtoka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya mazishi, kikampindua mpaka akashika ukuta. "Ndiyo maana!" alisema. "Ndiyo maana mama kila akimwona alikimbilia jikoni kucheka! Na mimi nikamtuhumu paka! Maskini paka yule nilimpiga!" Wakashikana mikono wakacheka, na kicheko kikageuka kilio kama kinavyogeuka baina ya watu waliomzika mtu mmoja, kisha kikarudi kicheko.

Katikati ya hayo shangazi alinyamaza ghafla. Alikuwa anautazama uso wa wifi.

"Cheka tena," alisema.

"Nicheke nini?"

"Uji wa iliki. Cheka!"

Wifi akacheka. Shangazi akaonyesha kwa ncha ya kidole, bila kugusa: hapa pembeni mwa jicho, hapa kutoka puani, hapa baina ya nyusi. "Hizi ni njia," aliniambia. "Uso una njia zake, umezipita miaka mingi. Ukijenga juu ya njia, watu wakipita wanabomoa."

Akaanza. Kidole cha pete, liwa kidogo ncha yake tu, anabonyeza katikati ya shavu, paji la uso, kidevu. Alipokaribia njia aliacha, akachukua pindo la kanga akaifuta ile iliyojipeleka yenyewe. Pale pakabaki ngozi tupu yenye mafuta. Dalia alichukua ile inayoshikwa kwa ncha za vidole viwili, akaisugua kwanza viganjani mpaka ikawa kama haipo, akaigusisha juu kabisa ya mfupa wa shavu, karibu na jicho. Chini, kwenye shimo la shavu, hakutia. Rangi ikikaa chini huuvuta uso wote chini. Nyusi za wifi zilikuwa zimepunguka, akazirudishia kwa kijiti kikavu kilichobakiwa na wanja kidogo tu, kistari kifupi kifupi kama unywele.

Alipokwisha akamsogeza nyuma kidogo, akasema, "Cheka." Wifi akacheka, na hakikupasuka kitu. Alikuwa mwanamke wa umri wake aliyelala vizuri. Sikuona liwa. Nilimwona yeye.

Niliingia chumbani nikakitoa kile kioo kilichotazama ukuta. Wifi alijitazama, akajitazama tena, akakigeuzia kwa shangazi. Shangazi alikwepa.

"Zamu yako," alisema wifi.

"Mimi sina haja."

"Desturi ni yangu, si yako. Mkono wa kwanza ni wangu, na wa jana hauhesabiki." Kisha sauti ikampungua. "Nipe ruhusa nirudie, dada'ngu. Nisirudi Kizimkazi na lile la jana mkononi."

Shangazi alisogea mbele yake. Akakaa. Akaupeleka uso dirishani, akafumba macho.

Nilitamani kukichukua kijiti cha wanja mimi, maana wifi alikishika kama anayeshika mchi. Lakini haukuwa mkono wangu uliokuwa unatakiwa. Nikamwelekeza tu. Nilimwambia aegemeze kidole cha mwisho kwenye mfupa wa shavu la shangazi, mkono upate pa kutua. Nikamwambia asiuvute ukope. Jicho la umri likivutwa ili upake, ukiliachia mstari hurudi umepinda. Mwambie atazame magoti yake, basi. Anza katikati ya ukope wa juu, nenda nje, na mwisho uinue kidogo, kidogo kama punje ya ufuta. Chini usiguse. Chini ndipo machozi yanapopita, na mama wa harusi lazima atalia.

Wifi aliushusha mkono mara mbili. Mara ya tatu alipaka. "Kaka yangu ameridhika," alisema kwa sauti ndogo, na akafanya jicho la pili.

Kioo kikageuzwa. Shangazi alijitazama. Alijigusa pembeni mwa jicho, pale tulipoacha patupu, akapita na kidole kwenye ile mikunjo. "Zimo zote," alisema.

"Zote," nikasema.

"Basi ni mimi."

Hayo yalikuwa majaribio. Alinawa, na usiku ule mlango haukufungwa kwa komeo. Siku ya harusi, baada ya alasiri, tulimpamba upya hivyo hivyo, wifi na kijiti, mimi na kitambaa. Mdomoni hatukutia kitu ila mafuta kidogo. Tambuu aliyoitafuna ilikwisha kuupa wekundu, tukafuta tu pembeni isijikusanye. Akashuka ngazi na kisutu chake kipya, kanga ya harusi.

Bi harusi alikuwa amekaa amefunikwa, hajainua kichwa tangu asubuhi. Aliposikia nyayo alizijua. Shangazi akamwekea kiganja kichwani, akasema, "Nimekuwia radhi duniani na akhera," na akalia kama nilivyojua atalia. Machozi yalishuka yakaenda zao, wanja ukabaki mahali pake. Bi harusi akashika ule mkono akaubusu, ndipo akakubali kutolewa, na vigelegele vikapanda mpaka juu darini.

Yule jirani mwenye tambuu alikuwa akimtazama shangazi tangu aliposhuka. Mwishowe akasogea, akamkaribia kabisa usoni kama mtu anayekagua kitambaa.

"Shoga, leo umepaka nini?"

"Muulize wifi yangu," alisema shangazi. "Ndiye mpambaji wangu."

Wifi akajinyoosha. "Uji," alisema. "Wa iliki." Na wawili wale wakaanza tena kucheka, wameshikana mabega, mbele ya wanawake wote, na hapakudondoka hata chembe.

Siku hizi wananiita mimi, na wengi wanaoniita si maharusi, ni mama zao. Huja wakisema, "Nifiche hapa, nifiche na hapa." Siwafichi. Nawafanyia lile nililoliona ngazini kwetu, na wewe unaweza kulifanya leo kwa mama yako. Mkalishe dirishani, uso wake uelekee mwangaza. Mpashie mafuta viganjani, umwekee usoni, ungoje yaingie. Punguza liwa yako mpaka iwe kama maji ya mchele. Kisha, kabla hujamgusa, mkumbushe jambo la kumchekesha, utazame uso unakunjika wapi, na hapo usipake kitu.